Ng' ya Kibuye

WEKESA: Karibuni tena, tuko Kisumu, na leo tuliwaahidi vijana mambo matatu ya kuingia kazi ya kupima programu za simu, yaani kusaka makosa kabla hazijatolewa kwa watu. Akinyi dada yangu, mbona umenuna hivyo?

AKINYI: Jumanne nilishinda soko la Kibuye, nasajili wachuuzi wa omena kwenye programu ya mikopo tunayoipima. Wa kwanza, sawa. Wa pili, sawa. Wa tatu jina lake lina ng'. Kubonyeza "Hifadhi", skrini ikawa nyeupe pe.

WEKESA: Ule mkwaju wa juu.

AKINYI: Ritifaa. Msimbo, yaani maagizo yanayoiendesha programu, ulikuwa unabandika jina moja kwa moja ndani ya amri ya hifadhidata, lile ghala la taarifa, na humo ritifaa hufunga maneno. Jina likakatika katikati, mabaki yakasomwa kama amri. Mtengenezaji akaniambia, "Mwambie aandike bila hiyo." Mama wa rika la mama yangu! Nimwambie aache jina la watu wake?

WEKESA: Lakini ngombe bila ritifaa, si bado namjua ni ng'ombe?

AKINYI: Na ng'oa? Ukiiondoa unabaki na ngoa. Moja unang'oa muhogo, nyingine unalia wivu.

WEKESA: (anacheka) Ng'ambo, ng'ara, ng'amua...

AKINYI: Ngoja. Wakarekebisha, yule mama akajisajili kwa simu yake. Nikamtafuta kwa simu yangu, hayupo! Simu yake iliandika ritifaa iliyopinda, yangu iliyonyooka. Kwa macho ni kitu kimoja, kwa kompyuta ni alama mbili. Wekesa, nilianzia dawati la wateja. Miaka miwili nawaambia watu "hauko kwenye mfumo", nasikia wanavyonyamaza. Ndiyo maana niliomba kuhamia upimaji. Basi Ijumaa nikakataa kuidhinisha programu itoke.

WEKESA: Hapo nakupinga. Itoeni programu watu waitumie, hiyo ng' mrekebishe wiki ijayo. Omena haingoji.

AKINYI: Roketi ya Ariane 5, Juni 1996, haikumaliza dakika moja angani. Sehemu ya programu yake ilitoka Ariane 4, ilikofanya kazi vizuri, na hakuna aliyeijaribu kwa mwendo wa roketi mpya.

WEKESA: Ile roketi. Hii ni pesa ya ndoo ya omena. Mama akikosa leo, anaenda kwa mkopeshaji wa riba kali. Hilo nalo ni kosa, na kwenye ripoti yako halimo.

AKINYI: Na huyu wa ng' akilipa, malipo yasimwone? Ataitwa mdaiwa mbele ya wenzake. Siidhinishi.

WEKESA: Mimi ningeidhinisha.

AKINYI: Najua.

WEKESA: ...Tumebakiwa na dakika moja. Yale mambo matatu?

AKINYI: Hayatatosha. Lakini kama jina lako lina ng', jisajili mahali leo, ulivyoandikwa na wazazi wako. Skrini ikikataa, tutumie picha. Namba ya kitambulisho uizibe.

WEKESA: Hata ya ng'ombe.

AKINYI: Hata ya ng'ombe, na ritifaa yake.