Kabla hujalipia kozi ya kusafisha vioo vya maofisini

Haya, habari za asubuhi jamani. Shikamooni wazee wangu mliokaa huku mbele, na nyie machalii mliojibana mlangoni sogeeni, viti vipo, leo nina kioo hapa mezani nataka mkione kwa karibu.

Nimeitwa niongelee kozi, mana wengi wenu mnasafisha madirisha ya nyumba za watu hapa Arusha, huko Njiro, Sakina, Ilboru, na sasa mnataka kuingia kwenye mahoteli na mabenki na maofisi, afu kila siku mnatumiwa meseji WhatsApp, njoo usome siku moja utoke na cheti. Mimi hii kazi nina miaka kumi na moja, mitano ya kwanza majumbani tu kama nyie. Ukiwa na swali nikatishe hapohapo, usisubiri mwisho.

Nyumbani, mama mwenye nyumba anaangalia kioo. Kikiwa safi anakulipa, na chai anakupa. Sasa siku ya kwanza nimeenda kuomba kazi jengo la ghorofa nne hapa mjini, nimebeba ndoo, skwiza mpya, ile ya mpira ya kuvutia maji kwenye kioo, mataulo yamefuliwa yamekunjwa, nimejiandaa kumuonyesha meneja navyovuta kioo kisibaki hata mstari, yule baba hata ndoo hakuiangalia. Akaniuliza, "Kijana wako akianguka hapo nje, nani anamtibu?" Nikanyamaza. Umesajiliwa OSHA, wale wa serikali wa usalama kazini? Bado. WCF je? Nikamuuliza ndo nini hiyo. Akanishukuru kwa heshima kabisa, nikashuka ngazi na ndoo yangu, maji yalikuwa bado masafi.

Lile swali lake ndo nataka mtoke nalo hapa. Mtu akikuuzia kozi ya kazi za maofisini, muulize, hii kozi itanisaidia kumjibu yule baba? Kama siku nzima ni kufundishwa kuvuta maji, hela yako bora ununue mipira ya skwiza. Kuvuta maji kuna ufundi wake, sikatai, lakini ni wa mkono, unaupata kwa kurudiarudia. Hii skwiza nyepesi ya shaba yenye mpira mmoja aliitengeneza mwaka 1936 Ettore Steccone, Muitaliano aliyehamia Oakland kule Marekani, na hadi leo umbo lake ni lilelile, mpini, bati na mpira. Utaijua kwa kushinda nayo.

Sasa WCF, huu ni Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, sheria yake ya 2008, mfuko wenyewe ukaanza kazi 2015. Anayechangia ni mwajiri, mfanyakazi hakatwi kitu, na ni nusu asilimia ya mishahara. Chukua simu piga hesabu na mimi. Vijana watano, kila mmoja laki tatu, jumla milioni moja na nusu, nusu asilimia yake ni elfu saba na mia tano kwa mwezi. Elfu saba na mia tano jamani! Mimi miaka mitano nimepeleka watoto wa watu kwenye ngazi bila hiyo elfu saba, na nikiikumbuka roho inaniuma, siyo kwamba sikuwa nayo, hakuna aliyeniambia. OSHA nao wana ofisi ya Kanda ya Kaskazini hapahapa Arusha, unasajili sehemu yako ya kazi kwa ile sheria ya 2003, na wanatoa mafunzo, ya huduma ya kwanza na ya kufanya kazi sehemu za juu. Anzeni huko kabla ya hizo za WhatsApp.

Tuje kwenye kupanda. Ngazi ya kuegemeza, ikipanda mita nne ukutani, mguu wake ukae mita moja kutoka ukutani. Ukiisimamisha sana inakurudisha nyuma, ukiilaza sana inateleza. Na mikono, muda wote uwe umeshikilia kwa sehemu tatu, miguu miwili mkono mmoja, kwa hiyo kama kazi inataka mikono miwili hiyo siyo kazi ya ngazi tena, tafuta jukwaa. Ngazi ya alminiamu karibu na waya wa umeme sitaki hata kuiongelea, usiiweke basi.

Kazi ya kuning'inia kwa kamba nje ya ghorofa ndo kabisa. Kuna mfumo wa kimataifa wa watu wa kamba unaitwa IRATA, ulianzia Uingereza kwenye mitambo ya mafuta baharini, una ngazi tatu za ujuzi. Mtu wa ngazi ya kwanza, ili apande ya pili lazima awe na saa 1,000 juu ya kamba na angalau mwaka mzima kazini, na cheti kinaisha kila miaka mitatu unapimwa upya. Sasa mtu anakwambia Jumamosi moja, saa tatu hadi saa tisa, ushakuwa fundi wa kamba wa maghorofa. Saa 1,000 za wenzetu yeye amezipeleka wapi? Na huyo wa ngazi ya kwanza bado anafanya kazi chini ya msimamizi, hajiachii mwenyewe. Kamba zinakuwa mbili, ya kufanyia kazi na ya akiba, kila moja na sehemu yake ya kufungia. Nimeshaona kwa macho yangu kamba zote mbili zimefungwa kwenye bomba moja la maji juu ya paa.

Afu kuna kitu watu hawafundishwi, mtu akishaokolewa na mkanda wa usalama wa kupandia. Umeanguka, mkanda umekushika, unaning'inia. Ukining'inia bila kusogeza miguu damu inajikusanya chini, dakika chache tu unaweza kuzimia, na ukiachwa hivyohivyo unaweza kufa, yaani mkanda umekushika vizuri kabisa na bado ukafa. Kwa hiyo kozi iwafundishe nani anamshusha mwenzenu na anamshushaje, na mfanye kwa vitendo. Zimamoto 114 piga ndio, lakini wewe uliye pale unafanya nini wakati wanakuja?

Njia nzuri kuliko zote ni kutopanda. Kuna mpini mrefu una brashi juu, maji yanapanda ndani yake, unasimama chini unafikia ghorofa tatu nne, hakuna mtu wa kuanguka. Yule baba ungemjibu vizuri kweli. Ila ndo nimeleta kioo, sogeeni. Huu upande wa kushoto jana jioni nimeumwagia maji ya kisima nikaacha yakauke yenyewe. Mnaona? Vidoti vyeupe, duara duara, kila tone limeacha alama yake, ukipitisha kidole kinakwaruza. Upande huu wa kulia ni maji yaliyochujwa, nimeyaacha yakauke vilevile, hakuna kitu. Maji ya huku kwetu chini ya Meru yanatoka kwenye miamba ya volkano yanabeba madini, floraidi wote mnaijua, na mengine. Kwenye huu mpini hufuti kwa taulo, maji yanakauka yenyewe, kwa hiyo madini yote yanabaki kwenye kioo cha mteja. Kuna kipimo kidogo kama kalamu unachovya kwenye ndoo kinakupa namba ya madini yaliyomo, hayo maji yawe sifuri au jirani na sifuri, ikipita kumi anza kuogopa. Kwa hiyo mtu akikuuzia mpini bila mtambo wa kuchuja amekuuzia vidoti. Akikufundisha kuutumia, muulize maji ya mtaa wako yanasoma ngapi, na kichujio kinabadilishwa lini.

Mama umenyoosha mkono... Ndiyo. Anauliza wembe unafaa kukwangulia kioo? Aisee hapo umenigusa.

Mwaka wangu wa kwanza wa maofisi nilipata hoteli mpya, ndo imemalizwa kujengwa, vioo vina simenti na matone ya rangi. Nikalowesha kioo, nikapitisha wembe, rangi ikatoka safi, nikafurahi nikaendelea. Saa kumi jioni jua limeshuka linapiga kioo kwa ubavu, vioo vitatu vina mistari kama nywele, mirefu, kuanzia juu mpaka chini. Sikuelewa, wembe ulikuwa mpya na sabuni ipo. Baadae sana nikajifunza kwamba kioo kilichopikwa kwenye tanuru ili kiwe kigumu kinaweza kutoka kiwandani na chembe ndogondogo zimegandia juu yake, huzioni, wembe unazing'oa na kuziburuza. Hela yote ya ile kazi ilikatwa, nikawalipa vijana kwa mkopo. Siku hizi kwanza natafuta ule muhuri mdogo kwenye kona ya kioo unaoonyesha kimepikwa, nikiuona wembe sigusi mpaka nijaribu sehemu ndogo mwenye jengo akiwa amesimama hapo, na anasaini karatasi kwamba nimemweleza. Kwa hiyo mwalimu asiyewafundisha kusoma kona ya kioo, mama, huyo siyo wa kazi za maofisi.

Bei nitaipitia haraka. Usitaje bei kwenye simu, nenda, zunguka jengo zima, hesabu vioo, angalia maji yanapatikana wapi na gari linaegesha wapi, ndo uandike kotesheni. TIN na leseni viwe tayari. Wakikulipa watakukata asilimia 5 kodi ya zuio, dai cheti chake, mana mwisho wa mwaka hiyo inahesabiwa TRA kama umeshalipa na wengi wanaiacha.

Dada wa kule nyuma anauliza za mtandaoni. Soma tu, kuhusu vioo, sabuni, kupiga bei, utafaidika. Ya kupanda haipo mtandaoni, hiyo lazima mtu akuone ulivyofunga mkanda wako, akuvute begani, akwambie hapa umelegeza fungua uanze upya.

Haya, ngazi iko pale nje ukutani na nimeiweka vibaya makusudi. Dada wewe, na chalii wa jezi nyekundu, tangulieni mkaniambie kosa liko wapi. Msipande.