Gololi juu ya bamba: kuweka mgusano wa nyuso kwenye PrePoMax

Habari zenu wadau wa uhandisi, karibuni tena. Leo tunaingia kwenye mgusano: vitu viwili vinakutana, kimoja kinamsukuma mwenzake, na tunataka kompyuta ituambie mkazo pale vinapogusana ni kiasi gani. Katika elementi finiti zote (mbinu ya kukata umbo vipande vidogo, elementi, ili kompyuta ipige hesabu) hii ndiyo mada ninayoipenda zaidi, na ndiyo inayowakatisha tamaa wanafunzi wengi, kwa hiyo leo sitakimbia. Nitakimbia kwenye mambo mepesi tu.

Programu ni PrePoMax, kazi ya Matej Borovinšek wa Chuo Kikuu cha Maribor, Slovenia. Nyuma yake mkokotoaji, yaani anayepiga hesabu yenyewe, ni CalculiX, iliyoandikwa na Guido Dhondt na Klaus Wittig wa MTU Aero Engines ya Ujerumani. Zote mbili ni za bure na hazikubani idadi ya nodi (vidoti vinavyounganisha elementi), ndiyo maana nazisifia kila siku. Mwanafunzi mwenye laptopu ya kawaida anafanya kazi ya maana.

Mfano wetu ni gololi ya chuma yenye nusu kipenyo cha milimita 10, imekaa juu ya bamba la chuma, inakandamizwa kwa nguvu ya niutoni 100. Hiyo ni kama ndoo ya lita 10 iliyojaa maji, si nguvu ya kutisha. Nimechagua gololi kwa sababu mwanafizikia Heinrich Hertz aliupigia hesabu mgusano wa namna hii mwaka 1881, na jibu lake lipo tayari hata kabla hatujawasha mashine. Ukianza na mfano usiojua jibu lake, utaamini rangi yoyote itakayotokea kwenye skrini.

Andika pembeni: E, yaani ukakamavu wa chuma, ni MPa 210000 (MPa ni niutoni kwa milimita mraba), uwiano wa Poisson, yaani kiasi chuma kinavyotanuka ubavuni kikibanwa, ni 0.3, kwa vyote viwili. Hertz anasema duara la mgusano litakuwa na nusu kipenyo cha milimita 0.187, presha ya juu kabisa katikati ni MPa 1371, na gololi itashuka milimita 0.0035. Soma tena hiyo presha. Ndoo ya maji imetoa MPa 1371, kwa sababu sehemu inayogusa ni ndogo mno.

Sasa umbo. Nimelichora kwenye FreeCAD, programu ya kuchorea, siwaonyeshi, ni mpira na boksi tu. Tunachukua robo ya nusu ya chini ya gololi na robo ya bamba. Nyuso mbili za wima zilizokatwa zinazuiwa zisitoke kwenye ulinganifu: moja U1 (msogeo kwenye mhimili wa kwanza) ni sifuri, nyingine U2 (mhimili wa pili) ni sifuri. Chini ya bamba U3, msogeo wa juu-chini, ni sifuri. Nguvu nayo ni robo: niutoni 25, siyo 100. Niutoni 25. Andika sasa hivi, maana ukifika huko mbele utakuwa umesahau.

Jambo moja nililolifanya mapema kwenye FreeCAD: nchani pa gololi, na juu ya bamba pale pale, nimechora duara la nusu kipenyo cha milimita 0.5 likagawa uso. Kipande hicho kidogo ndicho kitakachopata meshi nzito (mtandao wa elementi ndogo ndogo), na ndicho tutakachokichagua kwenye mgusano. Sehemu nyingine zote elementi za milimita 1 zinatosha. Hapa ndani ya duara naweka 0.015 upande wa gololi na 0.02 upande wa bamba. Duara la mgusano ni 0.187, kwa hiyo tunapata elementi kama kumi na mbili kutoka katikati hadi ukingoni. Wengi wanaweka mbili au tatu halafu wanashangaa presha imekuwa na kona kona.

Elementi ni za daraja la pili, zile piramidi za nodi kumi. Bonyeza, subiri... meshi imekuja. Vizuri.

Twende kwenye mgusano wenyewe. Kwenye mti wa kushoto, sehemu ya Contacts, kuna vitu viwili: kwanza tabia ya mgusano, halafu jozi ya nyuso. Naanza na jozi.

Pale palipoandikwa Master naweka uso mkuu, yaani bamba. Kwenye Slave naweka uso mfuasi, gololi. Kanuni ninayoifuata: mfuasi awe na meshi ya elementi ndogo zaidi, na kama vifaa vinatofautiana, awe yule laini. Vyetu vyote ni chuma, basi meshi ndiyo inaamua. Ukija kufungua faili la maandishi la CalculiX utakuta mfuasi ametangulia kwenye mstari, mkuu anafuata, na Abaqus, programu nyingine ya kazi hii, nao wako hivyo hivyo. Usichanganyikiwe.

Nachagua uso wa gololi... ngoja. Ngoja kidogo. Mnaona hiyo rangi? Imekamata mpira wote mpaka juu. Uchaguzi kwa pembe unafuata uso wowote uliopinda taratibu, na mpira mzima umepinda taratibu. Nafuta. Nabadilisha njia ya kuchagua, nachukua uso mmoja mmoja, nabonyeza nchani. Sasa kile kiduara kidogo tu ndicho kimewaka. Hapo sawa. Kila mara angalia rangi kabla ya kubonyeza OK. Kosa hili halitoi onyo lolote.

Njia: chagua uso kwa uso, usichague nodi kwa uso. Sababu yake naipenda. Uso wa pembetatu wenye nodi sita ukipata presha iliyo sawa kila mahali, nodi za kwenye kona tatu hazibebi chochote. Mzigo wote unagawanywa na nodi tatu za katikati ya kingo, theluthi kwa theluthi. Sasa ukimwambia mkokotoaji akague mgusano nodi moja moja, baadhi ya nodi hazina kazi na nyingine zimelemewa, na ramani ya presha inatoka madoa madoa. Uso kwa uso inakagua ndani ya elementi, madoa yanapungua sana.

Hapa sasa. Sogea karibu na skrini. Hiki kisanduku kinaitwa Adjust. KIZIME. Naomba nirudie: kwenye mfano huu kizime. Kazi yake ni kuzihamisha nodi za mfuasi zikalale juu ya uso mkuu kabla ya hesabu kuanza, na kwa nyuso mbili bapa zilizoachana kwa bahati mbaya ya uchoraji ni msaada mkubwa. Lakini gololi imepinda. Tuseme umeandika 0.005, unaiona ni tarakimu ndogo isiyo na madhara. Mwanya kati ya gololi na bamba ni umbali kutoka katikati, mraba, ugawanye kwa 20. Mwanya wa 0.005 unafikiwa umbali wa milimita 0.316. Yaani nodi zote ndani ya 0.316 zitabandikwa kwenye bamba, wakati mgusano wa kweli unaishia 0.187! Umeibapa gololi kabla ya kuweka hata gramu moja. Hesabu itaenda vizuri, itamaliza haraka, rangi zitapendeza, na jibu litakuwa la kitu kingine kabisa. Kwa hiyo kabla hujaendelea rudi uangalie: Adjust imezimwa? Haya.

Tabia ya mgusano. Naweka ya mstari, yaani presha inapanda sawasawa na kuzama kwa uso mmoja ndani ya mwingine. Inataka K, ugumu wa springi za kufikirika zinazozuia kuzama huko. Mwongozo wa CalculiX unapendekeza mara 5 hadi 50 ya E ya kifaa cha jirani. Kwetu hiyo ni kama milioni 1 hadi milioni 10, MPa kwa kila milimita. Naanza na milioni 1 makusudi, mtaona.

Msuguano naacha. Chuma juu ya chuma kile kile, nyuso mbili zinatanuka sawasawa, hazitelezeani, kwa hiyo kwa mzigo wa wima tu msuguano haubadilishi kitu.

Sasa nguvu. Nikiweka niutoni 25 moja kwa moja na kuendesha... tuendeshe tuone. Inazunguka, inazunguka, inakata hatua. Imekataa. Tazama tumezuia nini: U1, U2, na chini ya bamba. Kitu pekee kinachoweza kuizuia gololi isiende chini ni mgusano wenyewe, na mgusano haujaanza. Sehemu ya ukaguzi iliyo milimita 0.01 kutoka katikati iko juu ya bamba kwa milimita 0.000005. Kwa jicho imegusa, kwa mkokotoaji bado ipo hewani, na kitu kilicho hewani kikisukumwa hakina pa kusimama.

Dawa ni hatua mbili. Hatua ya kwanza, hakuna nguvu: uso wa juu wa gololi naushusha kwa msogeo wa milimita 0.001. Msogeo hauhitaji mgusano ili usimame, kwa hiyo gololi inakwenda ikakutane na bamba kwa utaratibu. Hatua ya pili, nazima msogeo, nawasha niutoni 25.

Polepole hapa, maana watu wanaikosea mwishoni. Ule msogeo wa 0.001 umeshabeba karibu niutoni 4 kwenye robo yetu. Mkokotoaji hupandisha nguvu kipande kwa kipande. Hatua ya pili ikianza na kipande kidogo sana, tuseme 0.01 ya hatua, nguvu itakuwa niutoni 0.25. Gololi iliyokuwa imekandamizwa kwa 4 inaachiwa ghafla, inaruka juu, mgusano unaachana, umerudi ulikotoka. Kwa hiyo kipande cha kwanza naweka 0.2, ambacho ni niutoni 5, kubwa kuliko 4. Kipande cha kwanza 0.2, tafadhali.

Naendesha. Feni ya laptopu mnaisikia. Nakata video hapa.

...Imemaliza. Jumla ya nguvu chini ya bamba: 25, safi. Ramani ya presha: duara zuri, lakini kilele kiko chini sana ya 1371, na duara limetanuka. Ni K hiyo. Gawanya 1371 kwa milioni 1, unapata kuzama kwa milimita 0.00137, na gololi yote inashuka 0.0035 tu! Springi zimekula sehemu kubwa ya safari. Ule ushauri wa 5 hadi 50 unafaa kwa vitu vikubwa. Mgusano mdogo namna hii unadai zaidi. Naweka milioni 50. Kuzama kunakuwa 0.000027, chini ya asilimia moja. Raundi za hesabu zitaongezeka, vumilia.

Haya, tazama sasa. Kilele kimekaribia 1371, na ukingo wa duara uko karibu na 0.19. Mimi nikiwa ndani ya asilimia 3 naridhika. Kagua pia nusu ya njia, pale 0.093: Hertz anataka 1187.

Kata ya ubavuni sasa. Mkazo wa kukata haupo juu kabisa. Upo chini ya uso, kina cha kama milimita 0.09, na unafika karibu MPa 425. Ndiyo maana gololi za bearingi ya pikipiki huanza kupasuka kwa ndani, halafu uso unabanduka vipande. Na kama bamba lingekuwa chuma laini cha kuchomelea, kwa mzigo huu lingeshabonyea. Mhandisi Brinell alitumia gololi kupima ugumu wa chuma kwa njia hiyo hiyo.

Kazi yako: zidisha nguvu mara 8, yaani niutoni 200 kwenye robo. Usiguse kitu kingine. Presha inatakiwa kupanda mara 2 tu, ifike 2742, na duara lifike 0.373, bado ndani ya kile kiduara chetu cha 0.5. Faili zote mbili nimeziweka chini ya video. Anza na ile ya 25.