Programu ya miti ya mageuzi: utajuaje kama haikudanganyi?

Haya jamani, huko nyuma mnanisikia? Sawa. Leo tunaongelea programu zinazochora miti ya mageuzi, yaani michoro ya nani ana undugu na nani, kwa njia ya Bayes, ile ya kuanza na imani fulani kisha kuirekebisha kwa data, na hesabu zenyewe sitazigusa sana, nataka tuongelee kinachowanyima usingizi wanaoziandika, yaani utajuaje programu yako iko sahihi wakati jibu lenyewe hakuna mtu analijua?

Chukua Kinshasa. Mwaka 2008 Michael Worobey na wenzake walichukua vipande vya jeni za HIV, vikiwemo vya sampuli mbili za zamani za mji huo, moja ya 1959 nyingine ya 1960, wakaviingiza kwenye BEAST, moja ya programu hizi, ikawaambia babu wa virusi vya kundi M, lile kundi la HIV lililoenea duniani, aliishi kati ya 1884 na 1924. Nani atarudi huko kuhakiki? Hamna. Tunaiamini programu, na programu imeandikwa na watu, tena wengine wanafunzi wa PhD wanaoandika usiku wa manane.

Mtauliza, kwa nini isipime miti yote ichague bora? Haimaliziki bana. Spishi 10 tu zina miti yenye mzizi 34,459,425, ukifika 20 ni namba ya tarakimu 22, na hapo urefu wa matawi hujaugusa. Ndo maana programu nyingine, MrBayes ya Huelsenbeck na Ronquist iliyotoka 2001, na hiyo BEAST ya Drummond na Rambaut, zinatembea tu: inaanza na mti wowote, inaubadilisha kidogo, inapima mpya na wa zamani kwa data pamoja na imani uliyoanza nayo, ukiwa bora inahamia, ukiwa mbaya kidogo mara nyingine inahamia pia, hivyo hivyo mara mamilioni. Mti uliotembelewa sana ndo wenye uwezekano mkubwa.

Sasa balaa liko kwenye hiyo "inaubadilisha kidogo". Kama kwenda ni rahisi kuliko kurudi, lazima tofauti hiyo uiweke kwenye hesabu, hilo mtakwimu Hastings alishalionyesha 1970. Ukirefusha tawi kwa kulizidisha na namba ya kubahatisha, kuna kipengele kimoja cha kuongeza, mstari mmoja tu wa programu. Ukiusahau, haikwami, haitoi eror, inakuchorea mti msafi kabisa, na ni uongo.

Dawa yake naipenda kuliko zote: zima data. Muuza nyama mwaminifu anakuonyesha mizani tupu kwanza, si ndio? Basi iendeshe programu bila DNA yoyote, spishi 4, kwa modeli ya Yule, ile inayosema kila spishi ina nafasi sawa ya kugawanyika mbili. Miti yenye mzizi hapo ni 15, mitatu imekaa wawili-wawili, yaani jozi mbili za spishi, 12 imekaa ngazi-ngazi, yaani spishi zinachomoka moja moja. Kwa Yule hiyo mitatu kwa pamoja lazima itokee theluthi moja ya muda, unaweza kuthibitisha kwa kalamu na karatasi. Ikitoka moja ya tano, ujue programu inaipa miti yote 15 uzito sawa, hiyo sio Yule tena. Ikitoka namba nyingine ya ajabu, kaa chini uanze kutafuta bagi, yaani kosa kwenye programu.

Ila mtego huo haukamati kila kitu, kwa sababu data ikizimwa, sehemu inayopima DNA haiguswi. Na hiyo ndo inakula muda wote wa kompyuta. Mwanabiolojia Felsenstein 1981 alitupa njia ya kuhesabu kutoka majani kwenda mzizi, ukigusa tawi moja unarudia tu njia yake mpaka kwenye mzizi, mengine unayatoa kwenye kumbukumbu. Tamu sana, mpaka hatua ikataliwe, yaani programu ibaki kwenye mti wa zamani, na usahau kurudisha namba za zamani, basi kuanzia hapo unapima mti usiokuwepo. Kwa hiyo mwanzoni kila hatua hesabu upya toka sifuri ulinganishe, BEAST yenyewe ina ukaguzi wa namna hiyo. Ni taratibu? Ndio, taratibu sana, vumilia.

Halafu kuna watu wanaangalia ESS, yaani makadirio ya sampuli ngapi huru umepata, imevuka 200 kwenye Tracer, programu ya kukagua matokeo, wanapiga makofi. Jamani, ESS inakwambia cheni, yaani ule mfululizo wa hatua, imetembea vya kutosha, haikwambii imetembea mahali sahihi! Anzisha cheni mbili kwenye miti tofauti kabisa uone kama zinakutana.

Ngoja niwashe laptopu, nimeandaa programu mbili, moja nimeondoa ule mstari wa Hastings, tuone nani ataitambua kwa kuangalia mti tu.