Ni Mwanga au ni Joto?

Ndugu walimu, nanyi vijana wa fizikia mliotoka Masasi na Lindi, hili nimelisema mara nyingi na leo nalirudia hapa Mtwara. Mtu akikwambia leza yake imegeuza kihami, yaani kitu kisichopitisha umeme, kuwa metali, muulize: ni mwanga uliogeuza, au ni joto tu la hiyo leza?

Chukueni vanadiamu dioksidi, kihami kinachogeuka metali kikipashwa. Ikifika nyuzi 68 hivi za selsiasi, ukinzani wake kwa umeme unaporomoka maelfu ya mara. Hilo linajulikana tangu 1959. Mpigo wa leza wa femtosekunde (sekunde igawe mara milioni bilioni) nao unaigeuza, tena upesi ajabu. Haya, tupige hesabu. Utando wa nanomita 100 ukimeza milijuli 1 kwa sentimita mraba, hiyo ni juli 100 kwa kila sentimita ya ujazo. Kuipandisha nyuzi moja kunataka juli 3 hivi. Utando umepanda nyuzi 30 na ushee! Chumba chetu mchana huu kina 30. Tayari mko juu ya 60, karibu na ile 68, na mwanga bado haujafanya lolote la pekee.

Mtasema mpigo ni mfupi mno, joto litapata wapi nafasi? Mpigo unapita, nishati inabaki. Elektroni zinaikabidhi fuwele ndani ya pikosekunde chache (moja ni femtosekunde elfu), na utando hukaa na joto lake nanosekunde nyingi (moja ni pikosekunde elfu). Leza inayopiga mara milioni 80 kwa sekunde inarudi kila baada ya nanosekunde 12.5. Utando utapoa saa ngapi?

Kwa hiyo fanyeni hivi. Nishati ya kila mpigo iacheni ileile, punguzeni idadi ya mipigo kwa sekunde. Badiliko likififia, lilikuwa joto lililolimbikizana. Lisipofifia, msishangilie bado, maana mpigo mmoja peke yake unaweza kupasha vya kutosha, kama tulivyoona. Na doa la mwanga lipimeni, msilikadirie kwa macho: pitisheni wembe taratibu mbele yake huku mkisoma nguvu inayobaki. Ukikosea kipenyo mara mbili, nishati kwa eneo umeikosea mara nne, na hapo jedwali lote la vipimo vyenu halina maana. Hili linaniudhi kwa sababu ni kazi ya nusu saa tu.

Muda unakwisha, nikimbie. Kuna fuwele iitwayo tantalamu disulfidi, ya mpangilio wa atomu uitwao 1T: mwaka 2014 watafiti wa Ljubljana waliipiga kwenye baridi kali kwa mpigo mmoja wa femtosekunde 35, ikaingia katika hali ambayo kuipasha polepole hakuifikishi. Tena ukiipasha, hali hiyo inafutika. Huo ndio ushahidi ninaoutaka. K3C60, kiwanja cha potasiamu na molekuli za kaboni 60, nayo hupitisha umeme bila ukinzani chini ya kelvini 20 tu (kelvini ni nyuzi zinazohesabiwa kuanzia 273 chini ya sifuri ya selsiasi), lakini mwaka 2016 mipigo ya infraredi, mwanga usioonekana kwa jicho, iliiletea dalili za kupitisha umeme namna hiyo hadi karibu kelvini 100. Joto lingeziua dalili hizo, lisingezizaa, ingawa tafsiri yake bado inabishaniwa. Karibuni maswali.