Hadi diski (hard disk, kifaa cha kuhifadhia mafaili) ya pili haionekani? Usikimbilie kufomati, yaani kuifuta ianze upya

Habari zenu, karibuni. Nipo Moshi, jirani na Soko la Mbuyuni, na mashine hii mezani ni ya mama mmoja wa Pasua. Imewekewa hadi diski ya pili, aliyoitoa kwenye kompyuta yake ya zamani, ina picha za ubatizo wa wanawe. Haionekani. Ameshaambiwa imekufa, anunue nyingine. Tuangalie kwanza.

Zima kompyuta, chomoa waya ukutani, kisha shikilia kitufe cha kuwashia kwa sekunde kama tano, umeme uliobaki uishe. Fungua kava la CPU, yaani boksi la kompyuta. Gusa chuma cha boksi kabla hujagusa kitu kingine.

Sasa tazameni hapa kwa karibu. Hadi diski ya SATA, aina hii ya kawaida ya muunganisho, inachomekwa nyaya mbili: wa data, mwembamba, una pini 7, wa umeme, mpana, una pini 15. Wengi wanahakikisha wa data, wa umeme unaingia nusu. Oneni huu: upande huu umekaa, upande ule umeinuka, ukucha wangu unapita kabisa. Sukuma mpaka ulale sawa. Ukigoma usiulazimishe, ugeuze. Ule mkunjo wa herufi L unaingia kwa upande mmoja tu.

Washa, na uweke kidole ubavuni mwa diski, madabodi, ile bodi kuu ya ndani, usiiguse. Unasikia mtetemo? Inazunguka. Kama ni SSD, diski ya chipu, usitegemee mtetemo, haina kitu kinachozunguka. Ila ukisikia tak, tak, tak inayojirudia, zima hapo hapo, maana kuiacha iwake kunaweza kuharibu data zaidi.

Inazunguka na bado haionekani, badilisha waya wa data, kisha tundu lake. Kuna madabodi ambazo ukiweka SSD ya M.2, ile nyembamba inayochomekwa kwenye bodi yenyewe, baadhi ya matundu ya SATA yanazimika.

Ingia BIOS, yaani mipangilio ya kompyuta inayofunguka kabla ya Windows. Hii ni Dell, nabonyeza F2. HP nyingi za ofisini ni F10. Kwenye hizi Dell za mtumba tundu la SATA huwa wakati mwingine limezimwa humu. Weka tiki, hifadhi, toka.

Windows ikishawaka, bonyeza kitufe cha Windows pamoja na X, chagua Disk Management. Naomba mtulie hapa, ndipo watu wanapopoteza vitu vyao. Diski mpya kabisa itaandika Not Initialized: chagua GPT, mpango mpya wa kugawa diski, hasa ikizidi TB 2, maana MBR, ule wa zamani, haivuki hapo, kisha itengenezee patisheni, yaani sehemu ya kuwekea mafaili. Lakini diski yenye mafaili yako ikikuomba uifomati, bonyeza Cancel. Usikubali hata mtu akikuhimiza.

Ya mama huyu hii hapa, imeandikwa Online, imekosa tu herufi ambayo Windows huitambulisha nayo. Kitufe cha kulia cha mausi, Change Drive Letter and Paths, Add, nachagua E, OK.

Folda ya picha ile pale, imefunguka. Kava silifungi bado. Nazinakili kwanza zote kwenye flashi yake.