Malala na Shali ya Benazir

Waheshimiwa wahadhiri, wanafunzi na wageni waalikwa, naomba tuanze na kitambaa. Tarehe 12 Julai 2013, siku aliyotimiza umri wa miaka 16, Malala Yousafzai, binti wa Pakistan anayetetea elimu ya wasichana, alihutubia Umoja wa Mataifa jijini New York akiwa amejitanda shali iliyokuwa ya marehemu Benazir Bhutto, na akasema wazi kwamba anaona fahari kuivaa. Wengi waliomshangilia Ulaya na Marekani waliona binti aliyejistiri, aliyenusurika risasi ya Taliban Oktoba 2012 akitoka shuleni katika bonde la Swat. Mpakistani aliona zaidi ya hapo: alimwona Benazir mwenyewe, waziri mkuu wa zamani aliyeuawa Rawalpindi mwaka 2007, ambaye wapo wanaomlilia hadi leo na wapo wasiotaka hata kumsikia akitajwa.

Ndiyo maana sikubaliani na wanaodai kwamba kila Mpakistani aliyemkataa Malala anapinga elimu ya wasichana. Alipopigwa risasi, watoto wa shule walimwombea hadharani, na maulamaa wapatao 50 wakatoa fatwa dhidi ya waliomshambulia. Shaka ilikua baadaye, kadiri sifa za ugenini zilivyozidi. Tukumbuke kwamba shirika la ujasusi la Marekani lilikuwa limetumia kampeni ya uongo ya chanjo mjini Abbottabad katika kumsaka Osama bin Laden, na ndege za Marekani zisizo na rubani zilikuwa zikiua hata raia katika maeneo ya mpakani. Mtafunwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Novemba 2014, mwezi mmoja tu baada ya Malala kutangazwa mshindi wa Nobeli ya Amani, shirikisho la shule binafsi, yaani watu ambao kufundisha ndiyo kazi yao, liliadhimisha siku ya kusema "Mimi si Malala".

Hata hivyo, waliomshuku walimwonea. Oktoba 2013, alipokutana na Rais Obama, alimweleza kwamba mashambulizi ya ndege hizo zisizo na rubani yanachochea ugaidi. Kwa wengi waliompenda, maneno hayo hayakulingana na sura ya msichana aliyeokolewa. Kwa wengi waliomchukia, yaliivunja tuhuma kwamba ni kibaraka. Yakapita bila kusikilizwa.

Machi 2018 aliporudi Swat kwa mara ya kwanza tangu apigwe risasi, alifikishwa kwa helikopta ya jeshi, akaizuru nyumba yao kwa muda mfupi chini ya ulinzi mkali, kisha akaondoka siku hiyohiyo.