Kabla ya Usaili, Ngoma Ipashwe Moto

Ndugu mwenyekiti, wakubwa zangu shikamooni, wahadhiri wenzangu na wanafunzi habari za asubuhi. Dhamira ya shule kuu yetu ya sanaa za maonyesho mnaijua, imebandikwa pale mlangoni, na neno "ujumuishi" limo. Sitaisoma. Nitasimulia tena habari ya ngoma. Waliokwisha kuisikia wanivumilie, maana tangu nianze kuisimulia utaratibu wa usaili haujabadilika.

Miaka kadhaa iliyopita niliketi kwenye jopo la usaili katika chuo kimoja. Akaingia binti wa Kigogo, amekuja kwa basi kutoka Dodoma, ngoma yake ya muheme ameipakata njia nzima. Kwa wasioijua, muheme ni ngoma ya wanawake: mpigaji anaibana katikati ya mapaja, na mikono ikipiga mwili nao unacheza. Usiku ule mvua ilikuwa imenyesha, ngozi ikalegea. Binti akaomba jambo moja tu, apate moto kidogo aipashe. Tukamjibu kwamba moto hauruhusiwi ukumbini, nje hakuna mahali, na kila mtu ana dakika 10. Akapiga hivyohivyo, mlio ukatoka kama wa mtu anayepiga gunia. Jopo likaandika: "Mdundo hafifu."

Ukumbini humo humo palikuwa na piano. Siku moja kabla, fundi aliitwa, akashinda kutwa anakaza nyaya mpaka kila sauti ikakaa mahali pake, akalipwa. Hakuna aliyesema piano inapendelewa. Nyaya za piano zinakazwa kwa ufunguo, ngozi ya ngoma inakazwa kwa moto, kazi ni ile ile. Lakini ya piano tuliiita matayarisho na ya ngoma tukaiita usumbufu. Nami nilikuwepo, nikanyamaza, nikaweka sahihi. Jambo hilo halijanitoka mpaka leo.

Najua yupo anayesubiri kuniuliza: kwa hiyo tushushe viwango? Nimelijibu swali hili mara nyingi na bado linaniudhi. Ndugu yangu, umewahi kukaa karibu na wanawake wa muheme? Mmoja anashika pigo la msingi, wengine wanapenyeza mapigo yao katika nafasi alizoziacha, kiongozi anapita juu yao wote, na nyimbo haikatiki. Mpe mhitimu wetu nafasi moja katika kundi lile, tuone atadumu dakika ngapi kabla hajapotea. Viwango vipo, vikali kuliko vyetu, ila hatuna kwenye jopo mtu wa kuvipima.

Na tungempata wapi? Hukwe Zawose, Mgogo, bingwa wa zeze na ilimba, ile ala ya vijiti vya chuma inayopigwa kwa vidole, alifundisha Chuo cha Sanaa Bagamoyo, na muziki wake ulisikika mpaka majukwaa ya Ulaya. Alifariki mwaka 2003. Angekuja leo kwetu kuomba kazi, tusingemwomba hata atupigie wimbo mmoja. Tungemwomba cheti cha shahada ya uzamili.

Muda umenitupa mkono, mwenyekiti, nakuona. Nilitaka kusema juu ya ngazi: Sheria ya Watu Wenye Ulemavu tunayo tangu 2010, na jukwaa letu bado halina njia ya kiti cha magurudumu. Mkalimani wa lugha ya alama tunamwona siku ya mahafali, akija mgeni rasmi, madarasani hayupo. Nilitaka pia kuwakumbusha Malya, kule Mwanza, ambako mwanzoni mwa miaka ya 1980 Penina Mlama na Amandina Lihamba walitoka Chuo Kikuu cha Dar es Salaam wakaenda kutengeneza maonyesho pamoja na wanakijiji, katika ngoma zao wenyewe. Hilo nitalisema siku nyingine, linahitaji saa nzima.

Usaili wetu unaanza mwezi ujao. Naomba banda moja nyuma ya ukumbi, jiko, na gunia la mkaa. Mlinzi aelezwe mapema asije akauzima moto. Barua ya wito iseme wazi kwamba mwenye ngoma afike saa moja asubuhi aipashe, na zamu yake ihesabiwe ngoma ikiwa tayari. Ombi nimeliandika, ni ukurasa mmoja, ninao hapa mkononi. Mkuu wa idara, naomba ulisaini kabla hatujatoka kwenda kunywa chai.